Wati 75: kompyuta ya ofisi iliyogeuka ya gemu Nyalenda

Kompyuta yangu ilikuja na kibandiko. Ni kikaratasi cha rangi ya fedha ubavuni, chenye namba ya mali ya ofisi fulani huko Uingereza, na nusu ya maneno yake yamefutika kwa kusuguliwa. Nimekiacha pale pale. Kinanikumbusha mashine hii iliundiwa kazi gani: kuandika barua, kujaza majedwali, kuzimwa jioni watu wakirudi nyumbani. Sidhani aliyeiunda aliwahi kufikiria itaendeshewa gari la mbio ndani ya mji wa kubuni, usiku, mvua ya ziwani ikipiga mabati.

Ni Dell OptiPlex 7010, lile kasha la wima. Niliinunua kwa shilingi 13,500 katika duka la kompyuta za mtumba karibu na Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, ikiwa na prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya GB 500. Muuzaji alinionyesha pia ile nyembamba ya jina hilo hilo, bei ikiwa pungufu kwa elfu moja, na wateja wengi huipendelea kwa kuwa haijazi meza. Kama una nia ya gemu, iache. Ile nyembamba hukubali kadi za grafiki (zile zinazochora picha za gemu) za kimo cha nusu peke yake, nazo ni adimu na wauzaji wanajua hivyo.

Nilikuwa na sababu ya kuitaka i5-3470. Ile gemu ya magari, GTA V, ilipofika kwenye kompyuta Aprili 2015, watengenezaji walitoa mahitaji ya viwango viwili, cha chini na cha kupendekezwa. Katika kile cha kupendekezwa, prosesa ya Intel iliyotajwa ni hiyo hiyo, Core i5-3470, pamoja na RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660 yenye GB 2. Mdogo wangu ndiye aliyeiona orodha hiyo kwanza, akaniletea simu jikoni. "Omera, si hii ndiyo iko kwenye zile mashine za ofisi?" Ndiyo yenyewe. Kwa hiyo ubongo tulikuwa nao tayari. Viungo vingine ndivyo vilivyopungua.

Pesa ziliishia dukani siku ile, na karibu mwaka mzima mashine ikawa ya kazi zangu na masomo yake. Mara moja moja tulijaribu gemu kwa grafiki za ndani ya prosesa, Intel HD 2500, kila kitu kimeteremshwa hadi mwisho, skrini ikiwa 800 kwa 600. Tulipata fremu (picha) 14 kwa sekunde. Gari likikata kona unaona picha zikifuatana moja moja, kama mtu anayefunua albamu.

Tulipoanza kuweka pesa pembeni, wazo la kwanza lilikuwa kadi ya grafiki, na sisi hatukuwa tofauti na wengine. Lakini fundi mmoja wa Kondele, mtu mzima aliyeshika bisibisi kabla sisi hatujazaliwa, aliniuliza swali moja: "Umeshaisikiliza ikiwa imechoka?" Sikumwelewa. Akaniambia niache gemu iende nusu saa kisha niweke sikio karibu na kasha.

Feni ilikuwa inalia kama posho mili. Nikaweka programu ya kupima joto, ikanionyesha prosesa iko nyuzi 94, na prosesa za aina hii hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 105. Mchana wa Februari Kisumu hewa ya chumbani peke yake inapita nyuzi 30. Hiyo ndiyo hewa feni inayotumia kupoozea. Kinachofaa chumba cha Ulaya chenye baridi hakitoshi hapa.

Niliifungua Jumapili mchana. Kasha la OptiPlex halidai bisibisi, unavuta kitasa cha ubavuni na mlango unatoka. Katikati ya mapezi ya kipoozeo vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi, na ndani yake wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa jioni, wamekauka wakawa kama majani ya chai. Walikuwa mamia. Anayeishi karibu na ziwa anajua jioni ambazo lazima uzime taa ya nje wasivamie, ila sikuwahi kufikiria kwamba skrini yetu ilikuwa inawaita ndani na feni inawavuta hadi kwenye moyo wa mashine. Nilitumia brashi mpya ya rangi ya inchi moja, huku kidole kikizuia feni isizunguke. Kisha nikafungua skrubu nne za kipoozeo. Ile pesti ya kupitisha joto kati yake na prosesa ilikuwa imegeuka chaki. Niliifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa hadi chuma kikang'aa, nikaweka tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya mchele wa Ahero, nikarudisha skrubu kwa kukingamisha, kidogo hapa na kidogo kule, ili kipoozeo kikae sawa. Nikabadilisha pia betri ya CR2032 kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine), kwa sababu saa ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukipotea na tovuti zinakataa kufunguka. Gharama yote haikufika shilingi 500.

Gemu ile ile, nusu saa ile ile: nyuzi 71, na feni unaisikia ukinyamaza tu. Nikampigia fundi simu kumshukuru.

RAM ndiyo iliyofuata, na hapa nina jambo la kusema kwa wanaouza na wanaonunua. Mashine ilikuwa na kipande kimoja cha GB 4. Kipande kimoja cha DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ukiweka viwili vinavyofanana katika nafasi za rangi moja, vinafanya kazi bega kwa bega na kasi inafika GB 25.6. Mtu mwenye kipande kimoja cha GB 8 na mwenye viwili vya GB 4 wanasoma namba ile ile kwenye skrini, lakini mashine zao hazikimbii sawa, hasa kama grafiki za ndani ndizo zinazotumika, maana hizo zinakula RAM hiyo hiyo.

Nilitaka kubana matumizi, nikanunua kipande kipya cha GB 8 chenye bei ya chini mno. Nilipokichomeka, taa ya kuwashia ikaanza kupepesa rangi ya chungwa na skrini ikabaki nyeusi. Kumbe kuna vipande vya DDR3 vilivyopangwa chipu zake kwa namna ambayo madabodi za prosesa za AMD, mshindani wa Intel, peke yake zinaisoma, na kuna vingine vilivyotolewa kwenye seva ambavyo mashine ya ofisi kama hii haivikubali kabisa. Vyote vinaingia kwenye nafasi bila shida, na macho hayawezi kukuambia. Muuzaji alinibadilishia bila maneno, akanipa GB 4 iliyotolewa kwenye mashine kama yangu, kwa shilingi 700. Fremu zikapanda kutoka 14 hadi 19 bila kadi yoyote.

SSD, ile diski ya kasi, sina mengi ya kusema juu yake. Chukua ya GB 240 au zaidi, weka humo mfumo wa kuendeshea mashine na ile gemu unayoicheza sana, diski ya zamani ibaki ya kuhifadhi mengine. GTA V peke yake ilidai GB 65 ilipotoka, na sasa inadai zaidi, kwa hiyo piga hesabu kabla. Madabodi hii ina matundu mawili tu ya SATA (ya kuunganishia diski) yenye kasi kamili. Soma maandishi kando yake, usichomeke popote. SSD haiongezi fremu. Inaondoa kule kusubiri, na ile hali ya barabara kuchelewa kujichora mbele ya gari.

Sasa wati.

Pawasaplai ya mashine hii, kile kifaa kinachogawa umeme ndani yake, ni ya wati 275, na haina ule waya wa pini 6 ambao kadi kubwa za grafiki hudai. Hiyo ina maana kadi yoyote utakayoweka itaishi kwa umeme wa nafasi yake tu, ile PCIe ndefu kwenye madabodi, na nafasi hiyo inatoa wati 75 kwa juu kabisa: 66 kutoka kwenye laini ya volti 12, zilizobaki kutoka laini ya volti 3.3. Nilipolielewa hili nilipumua. Soko la kadi ni bahari. Mtu anakutajia majina hadi kichwa kinauma. Lakini mashine ilikuwa imeshasema inabeba kiasi gani, na orodha ndefu ikawa fupi.

GTX 750 Ti ya Februari 2014 inatumia wati 60. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016 inatumia 75, ina GB 4. GTX 1650 ya Aprili 2019 nayo ni 75, ingawa kampuni nyingi ziliitoa ikiwa na tundu la pini 6, kwa hiyo lazima uiangalie kwa macho. Kuna RX 6400 ya AMD ya 2022, wati 53, ambayo kwenye karatasi inavutia kuliko zote. Ila imepewa njia nne tu za PCIe na imeundwa ikitarajia kizazi cha nne. Mashine yetu ni ya kizazi cha tatu, ambapo kila njia ina nusu ya kasi, na kadi yenye GB 4 ikijaa inaanza kuchotea RAM kupitia mlango mwembamba. Halafu GT 1030, ambayo naionya kwa nguvu: iliuzwa kwa jina moja ikiwa na kumbukumbu za aina mbili. Ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki 17. Jina moja kwenye boksi, na moja ni theluthi ya mwenzake.

Tulichagua 1050 Ti. Wakati ule watu walikuwa wanaiuza shilingi elfu kumi, kumi na moja. Kwenye tangazo la mtandaoni nikaona moja ya 6,500, muuzaji yuko Nairobi, ataituma kwa basi nikishalipa. Nikalipa.

Nataka nieleze kilichomo kwenye hilo neno "nikalipa." Zaidi ya nusu ya pesa ile ilikuwa ya mdogo wangu. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, anasubiri matokeo, na kila wikendi alikuwa anaosha magari kando ya ziwa, suruali imekunjwa hadi magotini, anarudi jioni na mia mbili, mia tatu. Miezi mitatu ya hizo mia mbili.

Kadi ilifika Jumamosi. Boksi lilikuwa jeupe bila jina. Ndani kulikuwa na kadi yenye feni moja, na pembeni yake kiwaya kifupi: upande mmoja plagi ya umeme wa SATA, upande wa pili pini 6. Moyo ukapiga. Kadi ya wati 75 inataka waya wa nini? Na hata kama ingeutaka, waya wa namna hiyo ni wa kuogopwa, kwa maana plagi ya SATA imepimwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta 75. Plagi hizo huyeyuka.

Nikageuza kadi nikaona tundu la VGA, lile la bluu. Kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti imo, kiliacha kutoa ishara ya analogi. Kadi halisi huja na DVI-D, HDMI na DisplayPort. Mdogo wangu alikuwa ananitazama usoni tu. Hatukuichomeka kwenye mashine yetu. Tuliipeleka kwa fundi wa Kondele mwenye pawasaplai kubwa, akaiwasha, akafungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, na jina la kadi likaja likiwa na neno lililoongezwa mbele yake kwamba ni bandia. Programu hiyo imekuwa ikizitambua hizi tangu 2018. Ndani kulikuwa na chipu ya kizazi cha 2010, yenye vitengo 192 vya kuchorea mahali ambapo 1050 Ti ina 768. Mtu alikuwa ameandika upya programu ndogo iliyomo kwenye kadi ili ijitaje kwa jina lisilo lake.

Muuzaji hakupokea simu tena. Mdogo wangu alisema "ni sawa" mara mbili njiani kurudi, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyoniumiza. Nilimrudishia sehemu yake mwezi uliofuata, kidogo kidogo. Ninaiandika hapa kwa sababu kuna vijana wengi wa Manyatta, wa Kakamega, wa Nakuru, wanaotuma pesa za namna hiyo kila wiki. Kadi ione ikiwaka kwanza. Kama mwenye nayo hawezi kukuruhusu dakika ishirini za gemu mbele yako, shika pesa yako.

Ya pili tuliipata hapa hapa, kwa kijana aliyekuwa anahamia mashine kubwa zaidi. Alitaka 9,500. Tulikwenda kwake, tukaitazama ikifanya kazi, tukasoma namba zote, 768 ikiwa pale pale, tukalipa na kuondoka nayo kwenye mkoba. Hakuna waya wowote wa ziada. Unaisukuma kwenye nafasi hadi usikie kile kishindo kidogo cha kikamatio, unafunga mlango. Hesabu ya umeme ilikuwa hivi: prosesa 77, kadi 75, madabodi na diski na feni tuseme 40. Inafika 190 na kitu, na pawasaplai ina 275, ikibaki na nafasi ya kupumua hata kwa uzee wake.

Skrini yetu ni ya 1366 kwa 768. Watu hutuhurumia kwa hiyo, lakini piga hesabu ya vitone: ni kama milioni moja, na skrini ya 1920 kwa 1080 ina milioni mbili na ushee. Kadi yetu inachora nusu ya kazi. Usiku ule wa kwanza tulipandisha vitu vingi hadi juu na fremu hazikushuka chini ya 60. Mdogo wangu hakuendesha gari haraka. Aliendesha polepole kando ya bahari ya ile gemu akitazama maji yanavyong'aa jua likitua, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema kitu.

Kama unaanza leo, ningekushauri uilenge GTX 1650 isiyo na tundu la umeme, ukiiweza. NVIDIA, watengenezaji wa kadi za GTX, ilifunga draiva (programu za kuendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi cha Pascal na kile cha 750 Ti Oktoba 2025, ikabakiza masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo, gemu za zamani zitaenda miaka mingi, lakini ukinunua sasa hilo ni jambo la kuweka kwenye bei. Na mfumo nao: Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yetu ni kizazi cha tatu. Tumeweka mfumo wa bure wa Linux Mint kwenye SSD, na kupitia Proton ya Valve, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, karibu kila tunachocheza kinaenda. Zinazogoma ni baadhi ya gemu za mashindano mtandaoni, kama Valorant na Fortnite, kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya udanganyifu. Kama hizo ndizo unazoishi nazo, mashine ya mwaka 2012 si yako, na ni afadhali nikuambie mimi kuliko uambiwe na pesa zako.

Kuhusu umeme wa ukutani, kila mtu wa Kisumu anajua mawingu ya alasiri. Tuna UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukipotea), na radi ikianza kuonekana upande wa ziwa tunachomoa kabisa, hata tukiwa katikati ya kitu.

Prosesa tuliibadilisha mwisho, na nadhani hapo ndipo mahali pake. Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, inakaba prosesa kuliko kadi, na viini vinne vya i5 visivyo na nyuzi za ziada (njia za kazi ndani ya kiini, si zile za joto) vilikuwa vinajaa asilimia 100 bomu la moshi likitupwa ndani ya gemu. Core i7-3770 inakaa kwenye soketi ile ile ya LGA1155, inatumia wati zile zile 77, lakini ina nyuzi nane badala ya nne. Shilingi 4,500, dakika kumi na tano, na tone jingine la pesti.

Ile i5 tuliyoitoa niliilaza kwenye kipande cha sponji na kukaa nayo wiki moja kabla mama jirani hajanitajia kwamba mwanawe ana HP Compaq 8300 aliyoachiwa na mjomba wake, yenye Core i3-3220. Soketi ni moja. Nilikwenda na brashi na pesti, kijana akanishikia tochi ya simu, na tulipoondoa kipoozeo tukawakuta wale wadudu wa ziwani, tele. Tulipomaliza akaiwasha mwenyewe. Jina likatokea kwenye skrini, Core i5-3470, akalisoma kwa sauti.

"Anko, sasa nikinunua kadi, ninunue gani?"

Nikamwambia achukue ile tochi tena, amulike kibandiko cha pawasaplai, anisomee wati.